Nyayo za Serikali Ndani ya Ngitili

Ninyi makarani wapya wa mabaraza, mnaoletewa majalada yamechapwa na kupigwa mihuri kama kadi za harusi, mmeniomba niwaandikie mambo ya kazi. Mmejitakia. Mimi nikipewa karatasi sirudishi tupu. Mke wangu husema katika kila mambo kumi ninayosimulia, saba yalitokea kweli. Mimi nasema ni nane, na hayo mawili yaliyobaki yalikosa nafasi tu.

Nilikuwa karani wa baraza la rufaa pale Shinyanga mjini, tangu miaka ya sabini mpaka ile ya themanini ambapo sabuni tuliijua kwa jina tu. Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kamati ya wilaya inamruhusu mtu alime hapa, achimbe pale, akate miti kule, azibe kijito apate lambo. Aliyeumizwa na ruhusa hiyo anakuja kwetu kusema, "Wale wamekosea." Sisi tunafungua jalada, tunaita pande zote mbili, tunakwenda kuangalia eneo kwa macho, tunarudi kusikiliza, tunaamua. Ukiisoma hivi unaona ni kazi ya kufanya huku unatafuna karanga. Subirini.

Elimu yangu niliipata ukubwani, kwenye masomo ya jioni, baada ya kushinda kutwa nikipanga marobota ya pamba. Mwalimu wangu alikuwa kijana ambaye ningeweza kumzaa. Aliniamkia shikamoo kwa heshima zote, kisha akanipa sifuri. Nilipohitimu nilikuwa na ndevu, watoto watatu na cheti kimoja. Cheti nilikitia kwenye fremu kubwa kuliko picha ya harusi yetu, jambo ambalo nyumbani kwangu linazungumzwa hadi leo. Kwa hiyo nilipopewa kiti cha karani, kalamu ilikuwa inaniwasha mkononi. Niliandika kila kitu. Shahidi akikohoa, niliandika amekohoa. Mjumbe akisinzia, niliandika ametafakari.

Kabla sijafika kwenye shauri lenyewe, niwape la Masanja, maana hilo ni la kuwasaidia wiki hii hii. Mtu mmoja wa Kishapu alilalamikiwa kwamba amechimba lambo akayageuza maji ya majirani. Nikatumwa kumpelekea hati ya wito. Nilifika siku ya mnada, watu na ng'ombe wamechanganyika, vumbi limefunika jua, nikauliza, "Masanja yuko wapi?" Wakanionyesha: "Yule pale." Nikampa hati, akatia dole gumba, nikarudi mjini nimejaa furaha.

Siku ya shauri Masanja alifika mapema, kavaa koti. Alijitetea saa nzima. Alieleza kwamba hajachimba lambo, hana hata sururu, tena kwao maji hayapiti kabisa. Alizungumza kwa uchungu mpaka mjumbe mmoja akatoa leso. Ndipo mlalamikaji akasimama: "Ndugu Mwenyekiti, huyu mtu simjui." Nikamgeukia Masanja, nikamuuliza mbona hakusema toka mwanzo. Akanijibu, "Serikali imeniita kwa karatasi. Nikajua lazima kuna kitu nimefanya." Tangu hapo kila Masanja wa Kishapu nilimuuliza jina la baba, la babu, na la mbwa wake. Fanyeni hivyo hivyo.

Sasa wajumbe. Mwenyekiti wetu alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na baraza aliliendesha kama darasa la nne. Ukitaka kusema, unanyosha kidole. Mawakili hatukuwa nao, na kama wangekuwepo angewasimamisha ukutani. Wajumbe wawili walikuja kwa ajili ya chai, na tuwaache na chai yao. Wa nne alikuwa Bi Zuhura, mshonaji wa mtaa wa sokoni, miwani yake imefungwa kwa uzi mweusi. Alikuja na kazi yake kwenye mfuko, akawa anapinda mashati ya watu huku mashahidi wanasema. Wageni walidhani hasikilizi. Kumbe sindano ikisimama, ujue aliyekuwa anasema ameshikwa na uongo. Mimi nilijifunza kusikiliza kwa kuitazama sindano ile, na hakuna chuo kinachofundisha hivyo.

Basi, Mama Kabula wa Samuye.

Alikuwa mjane, mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe walioko kijiji cha pili na wakaja na wa jirani. Marehemu mumewe alimwachia pori lenye nyasi na migunga, pamoja na maksai sita. Maksai hao hawakuwa pambo. Mvua ya kwanza ikinyesha, ndio waliokokota jembe kwenye mashamba ya kitongoji kizima, la kwake kwanza kisha ya majirani kwa zamu. Maksai wakiingia mvua wamekonda, pamba inachelewa, na nyumba zote zile zinachelewa nayo.

Upande wa pili alikuwepo Bwana Salehe, mkandarasi wa miti, mzaliwa wa mjini hapa hapa, babu yake wa pwani, bibi yake Mnyamwezi. Alikuwa na lori moja na maneno ya malori matatu. Alipeleka matimba machimboni, upande wa Kharumwa. Matimba ni yale magogo ambayo wachimbaji wa dhahabu huyasimamisha shimoni ili udongo usiwaangukie. Aliomba kukata pori la Samuye. Kamati ya wilaya ikatazama ramani, ikaona hakuna nyumba wala shamba, ikaandika "pori lisilotumika", ikampa ruhusa afyeke lote.

Rufaa ya Mama Kabula iliandikwa na mwandishi wa barua wa pale sokoni, mistari miwili tu: wanataka kukata ngitili yangu, na wakiikata maksai wangu hawafiki mvua. Mimi, mtoto wa mjini, ngitili nilikuwa nimeisikia lakini sijaishika. Kwenye jalada nikaandika "malisho", nikaona nimemaliza. Mwenyekiti akatoa zuio, mashoka yakae chini hadi shauri liishe, na siku ya ukaguzi ikapangwa. Jumanne.

Jumanne hiyo ilikuwa katikati ya masika. Nani kati yenu ameijua mbuga nyeusi ikilowa? Landrova ya baraza ilizama mpaka tukawa tunaiona paa tu. Tuliisukuma hadi jioni, tukalala kwa mwalimu mmoja wa jirani, Jumatano asubuhi tukarudi kusukuma. Saa nne likatokea lori la Bwana Salehe.

"Waheshimiwa, mmekuja kukagua pori au matope?" akatuuliza, huku anafungua mnyororo.

Akatuvuta. Simameni hapo kidogo, mlione jambo hilo lilivyo. Baraza la rufaa limevutwa topeni na mmoja wa wenye shauri! Leo mngeandikiwa barua yenye aya kumi. Sisi tulimpa mkono, tukamwambia Mungu akuzidishie, tukalifuata lori lake hadi kwenye eneo. Mama Kabula alikuwa ametusubiri pale Jumanne kutwa. Jumatano alikwenda kupalilia pamba. Hatukutuma mtu kumwita. Mwenyekiti alikuwa na njaa, na Bi Zuhura, ambaye angeuliza, alikuwa msibani Tabora. Ukaguzi wa upande mmoja ni kama kunyolewa nusu kichwa, na sisi tuliondoka pale tumenyolewa hivyo hivyo.

Lakini mimi nilijiona bingwa. Nilitembea pori lile zima na daftari langu, nyasi zinanifika kifuani, suruali imelowa, naandika kama nalipwa kwa neno. Nyayo za ng'ombe: hakuna. Kinyesi: hakuna. Njia ya mifugo: hakuna. Mchungaji: hakuna. Dalili yoyote ya matumizi: hakuna. Mwenyekiti alisoma, akaweka alama ya vyema kwa kalamu nyekundu, mazoea ya ualimu hayo, kisha akatia sahihi. Nikatia na yangu, yenye mkia mrefu.

Siku ya kusikiliza, ukumbi ulijaa. Mama Kabula alikuja na basi la asubuhi, na wanawake wanane wa kitongoji chake wakakaa mstari wa mbele. Bwana Salehe alivaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka inakata. Mrufani akaeleza kwa ufupi: lile si pori, ni ngitili, hufungwa mvua zikianza na hufunguliwa kiangazi kikikaza, wakati nyasi za kwingine kote zimekwisha; maksai wake hutangulia, ng'ombe wa majirani hufuata. Mwenyekiti akamshukuru, kama mtu anavyomshukuru mtoto aliyeimba vibaya.

Bwana Salehe akasimama. Nitamtendea haki, alisema maneno ya maana. "Ndugu Mwenyekiti, mimi na mama hatuna ugomvi. Lakini kule machimboni watu wanashuka chini, na juu yao udongo umeshikwa na miti yangu. Mti ukiwa mbovu wanafukiwa, wallahi, nimewahi kuwafukua kwa mikono hii. Nitoe wapi miti? Mama anasema malisho. Haya, tusikie baraza lenyewe liliona nini." Akaomba taarifa ya ukaguzi isomwe.

Nikaisoma mimi, kwa sauti ya darasani. Hakuna. Hakuna. Hakuna. Nilipomaliza, Bwana Salehe alifungua mikono tu, akakaa. Mwenyekiti akaanza kufunika kalamu yake, na mimi nilijua maana yake. Kalamu ya mwenyekiti ikifunikwa, uamuzi umeshapatikana, bado kuandikwa tu. Nikawaona wale wanawake wanane wanamtazama Mama Kabula. Yeye alinyosha kidole.

"Nataka kumuuliza aliyeandika."

"Karani haulizwi," akasema Mwenyekiti. "Karani si shahidi."

Sindano ya Bi Zuhura ikasimama. "Ndugu Mwenyekiti, shahidi mwingine wa pori hilo tunaye nani? Mrufani hakuwepo, mimi sikuwepo, na ninyi, samahani, nasikia mlikuwa mnafuta matope. Mwache amuulize."

Nikasimama na daftari langu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Haya maneno umeandika wewe?"

"Mimi, mama."

"Kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu."

"Uliposhuka kwenye gari, ulikanyaga nini?"

Ukumbi ukacheka. "Mavi ya ng'ombe, mama."

"Mengi?"

"Viatu vile mke wangu alivilaza nje wiki nzima."

"Yalikufuata mpaka wapi?"

"Mpaka kwenye mgunga mmoja wenye tawi lililovunjika."

"Na ulipoupita mgunga?"

"Hakuna tena."

"Pale kwenye mgunga kuna ukuta?"

"Hakuna."

"Waya? Ua wa miiba? Askari mwenye bunduki?"

"Hakuna, mama."

"Nyasi za nyuma ya mgunga, ulikotoka, zilikuwaje?"

"Fupi. Zimeng'atwa kama zimenyolewa kwa wembe."

"Na za mbele?"

Nikaonyesha kifuani kwangu.

"Basi niambie, wewe uliyesoma. Ng'ombe wa Samuye yote wanaziona nyasi za kifuani. Ukuta hakuna. Waya hakuna. Wanafika kwenye mgunga, wanageuka. Nani anawageuza?"

Vijana, hapo ndipo nilipojua kwamba daftari lina meno. Mwenyekiti alinitazama kwa jicho la mwalimu wa zamu. Ningeweza kusema sikumbuki. Ningeweza kusema hilo halimo kwenye taarifa iliyotiwa sahihi. Nilikuwa nimeupita mgunga ule kwa miguu yangu, nimeona mavi yanaishia pale kama yamekatwa kwa rula, na sikuandika, kwa sababu nilitumwa kutafuta ng'ombe. Maksai sita walikuwa wamening'inia kwenye mkia wa sahihi yangu.

"Watu, mama," nikasema. "Watu ndio wanaowageuza."

"Kila siku?"

"Kila siku. La sivyo zisingefika kifuani."

"Jibu hilo liandike, Ndugu Karani," akasema Bi Zuhura. "Liandike kwa herufi zile zile kubwa."

Mama Kabula hakuwa amemaliza. "Tena umeandika nyayo hakuna. Si kweli, mwanangu. Niliingia kukagua kesho yake, nikazikuta. Viatu vya soli, jozi tano zimeingia, moja imezunguka ngitili yote. Tangu mvua zianze hajaingia hata mbuzi kipofu. Nyayo pekee zilizomo mwaka huu ni za serikali."

Wale wanawake wanane walipiga vigelegele ndani ya ukumbi wa rufaa. Mmoja wa wajumbe wa chai alimwaga chai. Niliandika: ametafakari.

Mwenyekiti, nimsifu, alifunua kalamu. Alifuta ukaguzi wetu kwa sababu mrufani hakuwepo. Kuhusu lori na mnyororo aliandika kwamba baraza "lilipata msaada wa usafiri", na hilo nawaachia mlipime wenyewe. Kisha akatamka uamuzi: eneo lilikuwa tupu kwa sababu linatumika, utupu wake ndio matumizi yake, na ruhusa ya kamati ya wilaya imetenguliwa. Alilisema hilo la utupu kana kwamba alizaliwa nalo. Bi Zuhura alikata uzi kwa meno, akakunja shati.

Nje, nilimwona Bwana Salehe amekaa kwenye ngazi, kanzu imeingia vumbi. Mama Kabula akasimama mbele yake.

"Wewe mwenye lori. Kule bondeni wanafungua mashamba mapya ya pamba. Migunga wanaing'oa na kuichoma moto bure. Umewahi kwenda kuiomba?"

"Hakuna aliyeniambia, mama."

"Umewahi kuuliza?"

Bwana Salehe akainuka, akapangusa kanzu. Wiki ile ile lori lake lilikuwa bondeni, na kwa miaka kadhaa lilikwenda huko kila palipofunguliwa shamba. Hiyo rufaa ya pili, ya pale ngazini, haimo kwenye jalada lolote. Nami nawaambia baada ya uamuzi msikimbilie chakula. Kaeni karibu na ngazi.

Mngependa niishie hapo, karani ameonekana mkweli, watu wamekwenda kwao. Lakini kijiji hakikuwa kimemaliza na sisi. Mtu anayeingia kwenye ngitili iliyofungwa huitwa mbele ya wanakijiji, awe nani awe nani, na tulikuwa tumeshathibitishwa kwa nyayo. Kiangazi kilipokaza tukaletewa ujumbe: siku ya kufungua ngitili, baraza lifike. Mwenyekiti alisema baraza haliwezi kushtakiwa na kijiji, akanukuu vifungu viwili. Bi Zuhura akamjibu kwamba vifungu hivyo avisome akiwa Samuye. Tukaenda.

Nchi ilikuwa imekauka, ardhi nyeupe, kila mahali ng'ombe mbavu nje. Kwenye mgunga wenye tawi lililovunjika watu wamejaa, na nyuma yao ng'ombe, na mbele ya ng'ombe wote maksai sita wa Mama Kabula, wamesimama kama wanafunzi wanaosubiri kengele. Walikuwa wamekonda. Lakini walikuwa wamesimama. Ng'ambo ya mgunga, nyasi zimekauka rangi ya shaba, bado kifuani.

Landrova yetu ilielekezwa nyuma, nyuma kabisa, baada ya ng'ombe. Mwenyekiti akanyosha kidole kuuliza, hakuna aliyemwona. Wazee wakasema kosa letu limezungumzwa na adhabu imepatikana: karani asimame juu ya jiwe lile, asome taarifa yake ya ukaguzi kwa sauti wakati ng'ombe wanaingia.

Nikapanda. Daftari nilikuwa nalo, nilikuwa silali mbali nalo. Mama Kabula akapiga mluzi mmoja, maksai wakaupita mgunga, wakazama kwenye nyasi mpaka zikabaki pembe, na sauti ya kutafuna ikaanza, mnh, sijawahi kusikia ukumbi wowote ukishangilia vizuri namna ile.

"Nyayo za ng'ombe!" nikasoma.

"Hakuna!" kijiji kizima kikaitikia, ng'ombe wakipita mbele yangu kama mto.

"Kinyesi!"

"Hakuna!" Na ng'ombe mmoja akanipatia hapo hapo chini ya jiwe.

"Njia ya mifugo!"

"Hakuna!"

Wanawake wanane walikuwa wameshikana mabega kwa kicheko. Dereva wetu alikuwa amekaa chini. Hata Mwenyekiti, kule nyuma kwenye vumbi, nilimwona mabega yanacheza. Nikafika kwenye "dalili yoyote ya matumizi", sauti imenikauka, nikafunga daftari nishuke.

"Unakwenda wapi, karani?" Mama Kabula akaniita kutoka ndani ya nyasi, mkono wake uko juu ya mgongo wa maksai wake. "Anza tena toka mwanzo. Wa nyuma hawajasikia."

Nikaanza tena.